Mtoto wa Kitubioni na Mtoto wa Kizimbani



Ndugu zangu wapendwa, hivi karibuni, baada ya sala ya jumuiya, mzee mmoja mwenye heshima zake aliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka tukiwa tumesimama mlangoni. Alisema: "Baba Paroko, ninyi mnawapokea watoto wa miaka minane na tisa katika kitubio, mnawafundisha kuungama dhambi zao. Maana yake mtoto huyo anajua jema na baya. Sasa iweje mtoto huyohuyo akiingia kuiba katika nyumba ya mtu, sheria iseme hana kosa?" Waliokuwapo waliitikia kwa vichwa, na wengine wakasema makali zaidi ya hayo. Majuma machache kabla, mtoto mdogo sana alikuwa amekutwa usiku ndani ya nyumba ya mmoja wao, baada ya kupenyezwa katika tundu la dirisha na wakubwa wake ili awafungulie mlango. Ilipojulikana kwamba hatafikishwa mahakamani kwa kuwa hajatimiza miaka 10, hasira ilikuwa kubwa, na hata sasa haijatulia.

Nimelibeba swali hilo kwa siku kadhaa. Naomba kulijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu naona wengi wanaliuliza kimoyomoyo.

Kwanza tuelewane sheria inasema nini, maana wengi wetu tunaikasirikia bila kuijua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 15, inasema kwamba mtu ambaye hajatimiza miaka 10 hawajibiki kijinai kwa tendo lolote. Aliyetimiza miaka 10 lakini hajafika 12 naye hawajibiki, isipokuwa ithibitishwe kwamba alipotenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda. Kuanzia miaka 12 hadi atimize 18, mtoto anawajibika, ila kwa kawaida kesi yake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na sheria hiyo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Anaweza kuachiliwa, kuwekwa chini ya mtu wa kumwangalia, au kupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, kule Mbeya. Na yule aliye chini ya miaka 10 hakuachwa hewani: yumo mikononi mwa Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye anaweza kuiomba mahakama itoe amri ya matunzo au ya uangalizi. Kwamba maafisa hao ni wachache, na kwamba wengi wetu hatujui hata ofisi yao iko wapi, hilo ni tatizo kubwa. Lakini haliponywi kwa kuushusha umri wa kushtakiwa.

Sasa nirudi kitubioni. Mzee wetu amesema kweli. Mwaka 1910 Mtakatifu Papa Pius X, kwa hati iitwayo Quam singulari, aliweka umri wa karibu miaka 7 kuwa mwanzo wa mtoto kutumia akili, hivyo kuwa mwanzo wa wajibu wake wa kuungama na kukomunika. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 97, zinashika hesabu hiyohiyo: aliyetimiza miaka 7 hudhaniwa kuwa na matumizi ya akili. Tungekomea hapo, mzee angekuwa ameshinda hoja.

Lakini tufungue kurasa za mbele zaidi, kile Kitabu cha Sita kinachohusu makosa na adhabu ndani ya Kanisa. Kanuni ya 1323 inasema kwamba mtu ambaye hajatimiza miaka 16 hapati adhabu yoyote, hata akiwa amevunja sheria ya Kanisa. Kanuni inayofuata inasema kwamba aliyetimiza 16 na bado hajafika 18 ni lazima apunguziwe adhabu. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alikiandika upya Kitabu hicho cha Sita, na katika mambo mengi akakifanya kiwe kikali zaidi. Umri wa miaka 16 ulibaki palepale.

Naomba mlitafakari jambo hilo, kwa maana hata baadhi yetu mapadre hatulikumbuki. Kanisa linalompokea mtoto wa miaka 7 kitubioni linakataa kumpa adhabu hadi atimize 16. Katikati kuna miaka tisa nzima, na katika miaka hiyo tisa tunamwambia mtoto: dhambi yako ni dhambi, iungame, irekebishe, lakini hatutakutia katika hukumu ya hadharani. Waliotunga sheria hizo walijua kwamba kutambua ubaya wa tendo ni jambo moja, na kuweza kuubeba mzigo wa mashtaka na adhabu ni jambo la pili, linalokuja baadaye sana.

Angalieni mambo yanavyokwenda katika kitubio. Mtoto anakuja kwa miguu yake, anasema kwa maneno yake, na anayemsikiliza ni mtu mmoja asiyeandika chochote. Malipizi hupimwa kwa kimo chake: asali Salamu Maria tatu, arudishe kalamu ya mwenzake, amwombe mama msamaha. Akitoka pale hakuna anayejua alichosema. Kizimbani mambo ni mengine kabisa. Anayesema ni mwingine. Maneno ni ya shtaka, dhamana, ushahidi na kuahirishwa. Na mtoto anatakiwa ajibu ni kweli au si kweli mbele ya wakubwa asiowajua. Nimewafundisha watoto katekisimu kwa miaka mingi. Mwulize mtoto wa miaka tisa swali moja mara tatu, kila mara sauti ikipanda kidogo, naye atalibadilisha jibu lake hata kama la kwanza lilikuwa sahihi. Atatoa jibu ambalo anadhani litamrudisha nyumbani. Makatekista wetu wanalijua hilo vizuri, na nadhani hata askari wazoefu wanalijua.

Wengine watasema kwamba hiyo ni huruma ya kipadre. Basi nimtaje mwizi mmoja. Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipokuwa na miaka 16 aliiba mapeasi ya mtu usiku pamoja na genge la rafiki zake. Hawakuwa na njaa, na mengi waliwatupia nguruwe. Ameisimulia habari hiyo katika kitabu cha pili cha Maungamo yake, akiwa mtu mzima na tena askofu, na anaigeuza huku na huku kwa kurasa nyingi, kiasi kwamba wasomaji wengine humwona anatia chumvi kwa ajili ya matunda tu. Hatafuti udhuru hata kidogo. Anasema wazi kwamba alitenda kwa kupenda ubaya wenyewe. Lakini anasema pia kwamba peke yake asingeiba. Ni ule ucheko wa wenzake na aibu ya kuonekana mwoga vilivyomsukuma. Kila mzazi mwenye kijana wa miaka 13 au 14 nyumbani ataitambua picha hiyo. Kijana yuleyule mpole mezani, akiwa na wenzake watano barabarani, anakuwa mtu mwingine. Akili anayo, kinachokosekana ni uwezo wa kuitumia wakati wenzake wanamtazama.

Sasa niseme juu ya hasira ya watu, kwa sababu mara nyingi umri huu hautetewi wala kushambuliwa kwa hoja, bali kwa uchungu wa tukio moja baya. Mfano unaojulikana zaidi duniani unatoka Uingereza. Mwezi Februari 1993, huko Bootle karibu na Liverpool, wavulana wawili wa miaka 10 walimchukua mtoto wa miaka miwili, James Bulger, kutoka sokoni na kumwua. Sitaeleza walivyomtenda. Katika Uingereza umri wa kuwajibika kijinai ni miaka 10, basi walishtakiwa katika mahakama ya watu wazima, hadharani, na sakafu ya kizimba ikainuliwa ili waweze kuona nje. Watu walikusanyika nje ya mahakama wakitaka kuyashambulia magari yaliyowabeba. Baada ya hukumu, majaji waliwawekea kiwango cha chini cha kukaa kifungoni, kwanza miaka 8, kisha 10. Gazeti moja likachapisha kipande cha karatasi cha kukata na kumtumia waziri, na sahihi zaidi ya 270,000 zikakusanywa kudai wasiachiliwe kamwe. Mwaka 1994 waziri akapandisha kiwango hicho hadi miaka 15. Mwaka 1997 majaji wa juu kabisa wa nchi hiyo walikifuta alichoamua, na Desemba 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema kwamba watoto wale hawakupata kesi ya haki, kwa kuwa hawakuweza kuifuata wala kushiriki katika utetezi wao. Waliachiliwa mwaka 2001. Mmoja wao alirudishwa gerezani mwaka 2010 kwa kosa jingine, nami nalitaja jambo hilo kwa sababu wenye msimamo mkali hulitaja, na ni haki yao.

Lakini tazameni hasira ile ilivyozaa sheria. Kwa karne nyingi sheria ya Kiingereza ilikuwa na ulinzi kwa mtoto aliye chini ya miaka 14: mwendesha mashtaka alipaswa kuthibitisha kwamba mtoto alijua kuwa tendo lake ni ovu kweli, na si utundu tu. Mwaka 1998 Bunge la Uingereza liliufuta ulinzi huo kwa watoto wa miaka 10 hadi 14. Watoto wengi ambao hawajawahi kumdhuru mtu wanaishi leo chini ya sheria iliyokazwa katika uchungu wa miaka ile. Tendo la watoto wawili lilibadilisha jinsi taifa lilivyowatazama watoto wote.

Mwezi Oktoba 1994, karibu na mji wa Trondheim nchini Norwe, msichana wa miaka mitano alipigwa na wavulana wenye umri wa karibu miaka sita, wakamwacha kwenye theluji, naye akafariki. Kesi hizi mbili hazilingani kabisa, kwa maana wavulana wa Norwe walikuwa wadogo zaidi, na hata Uingereza wasingeshtakiwa. Ninachotaka mkione ni mwenendo wa watu. Nchini Norwe umri wa kuwajibika kijinai ni miaka 15. Majina ya wavulana wale hayakutangazwa, nao walirudi kati ya watoto wenzao wakiwa na wataalamu wa kuwasaidia. Mama wa marehemu alisema hadharani kwamba hawezi kuwachukia watoto wadogo. Kijiji kilizika, kikalia, na hakuna aliyekwenda kuvunja mlango wa familia ya wavulana wale.

Je, kwetu ingekuwaje? Tuseme kweli. Kwetu mtoto akipigiwa kelele za "mwizi!" hakuna anayeuliza cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2015, na tena mwaka 2022, Dar es Salaam ilipotikiswa na makundi ya vijana yaliyopewa jina la Panya Road, niliwasikia Wakristo wema, watu wanaokomunika kila Dominika, wakisema kwamba hao wasikamatwe bali wamalizwe. Nawaelewa. Aliyewahi kuvamiwa usiku kwa mapanga halali tena usingizi wa zamani. Lakini lile jina lenyewe lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake: likishamwita mtoto panya, hapahitajiki tena kuuliza ana miaka mingapi.

Tena kuna jambo linalonisumbua katika mazungumzo yetu. Mwanao akivunja kioo cha gari la jirani, unasema "ni utoto." Mtoto wa mama anayeuza maandazi kituoni akichukua simu, unasema "ni jizi." Wote wawili wana miaka 11. Nimeona familia yenye uwezo ikilimaliza kosa la kijana wao jioni moja, kwa mazungumzo, kwa fidia na kwa kumhamisha shule. Naliona hilo kuwa jema, na ndilo ninalotamani kwa kila mtoto: aliyekosewa amelipwa, mkosaji amekaripiwa, na maisha yake yameendelea. Kwa mtoto wa maskini, kosa lilelile huanzia kituo cha polisi.

Hapo huletwa methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mnaitumia kana kwamba inaruhusu ulimwengu ufanye upendavyo. Mimi naisikia kuwa onyo kwa wazazi, na zaidi ya hapo naona ulimwengu tunaouzungumzia una sura: ni mahabusu, ni kundi la watu lenye tairi na petroli. Huo haumfundishi mtoto wa miaka tisa kitu.

Zipo hoja nzito zaidi, nami sitaki kuzikwepa. Ya kwanza ni kwamba umri ukipandishwa, wahalifu watawatumia watoto kwa makusudi, wakijua hawatashtakiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule wa dirishani. Hoja hii ina ukweli. Lakini sheria yetu humhesabu aliyemtuma au kumshawishi mwingine atende kosa kuwa ametenda yeye mwenyewe. Nani alimwinua mtoto yule hadi dirishani? Nani alimngoja nje? Katika hasira yote niliyoisikia, sikusikia wengi wakiuliza habari za wale wakubwa waliokimbia. Mtoto alikuwapo, anashikika, wao hawakushikika. Tukishusha umri ili kumpata mdogo, tutakuwa tumewarahisishia kazi wakubwa, maana atakayejibu ni yule waliyemsukuma mbele.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuipita njia hii. Kwa miaka mingi umri wao ulikuwa miaka 8, urithi wa kanuni za kikoloni. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliupandisha hadi 12, na aliye chini ya 14 hudhaniwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya mpaka mahakama iridhike vinginevyo kwa ushahidi. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, iliyosema mwaka 2007 kwamba chini ya miaka 12 haikubaliki, mwaka 2019 iliyahimiza mataifa yafike angalau 14. Sisi tuko kwenye 10, na sehemu ya hapo hadi 12 inategemea mtu kuthibitisha kilichokuwa ndani ya kichwa cha mtoto, jambo ambalo mtoto asiye na wakili hawezi kulipinga. Mimi nasimama upande wa kuupandisha hadi 14. Nalisema bila kuwashurutisha. Mnaweza kuwa Wakatoliki wazuri na kutofautiana nami juu ya tarakimu.

Hoja ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, nayo ni ya aliyekosewa. Yule mama aliyeamka na kumkuta mtoto sebuleni kwake, mwenye televisheni iliyokwenda na milango iliyobadilishwa kwa mkopo, amepata nini? Sheria ikishasema kwamba mtoto hana jinai, mara nyingi hakuna anayerudi kumwambia neno. Haelezwi mtoto amepelekwa wapi, haombwi radhi, hafidiwi. Naamini nusu ya hasira yetu inatoka hapo. Watu wanadai kizimba kwa sababu kizimba ndicho mahali pekee wanapokijua ambapo mtu hulazimika kukiri kwamba wametendewa ubaya. Tungekuwa na mahali pengine, ambapo mtoto huyo na mlezi wake wangekaa mbele ya mama yule pamoja na Afisa Ustawi wa Jamii na wazee wawili wa mtaa, nadhani wengi wangeacha kuuliza ana miaka mingapi. Viongozi wa jumuiya ile wamekubali tuanze na huyu wa kwetu, mama akiridhia. Nimekwenda kumwona. Bado hajaridhia, na simlaumu.

Lipo jambo moja la mwisho, la kiofisi. Umri wote huu wa kisheria ni bure kama hatuwezi kuonyesha mtoto alizaliwa lini. Watoto wengi kwetu hawana cheti cha kuzaliwa, na askari anayekisia kwa macho anaweza kumwandikia kijana mrefu wa miaka 13 kuwa ana 18. Imenitokea zaidi ya mara moja kugongewa na mzazi alfajiri anayetaka cheti cha ubatizo kwa sababu mwanawe amelala kituoni. Daftari la ubatizo lina tarehe ya kuzaliwa, na mahakama ikichunguza umri wa mtoto karatasi hiyo inaweza kusaidia, mradi tarehe iliandikwa sawasawa. Nimelipitia daftari letu juma hili, nami nimeona kurasa ambazo tarehe ya kuzaliwa imeachwa wazi, au imeandikwa mwaka tu. Wazazi ambao watoto wao walibatizwa hapa na hawana cheti cha serikali, njooni ofisini pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto au mmoja wa wasimamizi wa ubatizo, tukamilishe kumbukumbu zile; kisha katekista atawaelekeza namna ya kwenda kusajili serikalini. Ofisi inafunguliwa Jumanne hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Hakuna malipo.